RUBANI NA UPEPO WA UBAVUNI

Ndege ikitua vibaya penye upepo wa ubavuni, watu hawakawii kusema: kosa la rubani! Sisi twasema, ngojeni kwanza.

Tarehe 1 Machi, 2008, huko Hamburg, Ujerumani, ndege ya Lufthansa aina ya Airbus A320 ilijaribu kutua ikiwa na watu 137. Upepo ulitoka kuume, na mnara ulitaja dharuba za maili 47 za baharini kwa saa. Bawa la kushoto likagusa ardhi. Marubani wakaiinua tena, wakaenda kutua salama katika njia nyingine iliyoelekea upepo. Usukani ulikuwa mikononi mwa rubani msaidizi, msichana wa miaka 24. Basi maneno yakawa mengi!

Wachunguzi wa serikali ya Ujerumani, katika taarifa yao ya 2010, hawakuishia kwa msichana huyo. Waliona kwamba gurudumu moja lilipogusa chini, mitambo yenyewe ilipunguza karibu nusu ya nguvu za kusawazisha mabawa, na vitabu vya marubani havikueleza jambo hilo. Tena vitabu vilitaja upepo "wa juu uliojaribiwa" bila kufafanua: rubani mmoja akauona ni mpaka, mwenziwe akauona ni mwongozo tu. Hatusemi marubani hawakuwa na lawama. Njia ile ya pili ilikuwapo tangu mwanzo.

Maneno hayo hayo yamo katika kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ijulikanayo duniani kote: maili 15 za baharini kwa saa. Maana yake ni kwamba wenye kiwanda waliijaribu ikatua katika upepo huo. Si ahadi, wala si marufuku. Na ndege ndogo ni nyepesi. Dharuba huinua bawa lake upesi.

Sasa fikirini viwanja vyetu vya porini, vyenye njia moja ya udongo. Rubani wa huko hana njia ya pili ya kuchagua. Ana mambo mawili tu: kutua au kurudi. Nyuma yake wamekaa abiria wenye haraka, na ofisini yuko tajiri anayehesabu petroli.

Kwa hiyo twadai kila mwenye ndege aandike kwa tarakimu upepo ambao rubani wake haruhusiwi kutua, apunguze tarakimu hiyo kwa rubani mgeni wa kazi, na asimkate mshahara hata senti moja rubani aliyegeuza ndege akarudi.