Moshi ni mubaya kuliko kelele



Kila asubuhi, ku barabara za Kolwezi, Likasi na Kipushi, tunasikia motokari za zamani zikinguruma mpaka watoto wanaamuka. Watu wanacheka. Mwenye motokari anasema: tuyo ya moshi imetoboka, nitatengeneza mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha, makuta inaenda ku unga na ku masomo, tundu linabakia. Sisi tunasema: usingoje. Kelele ni haya tu. Moshi ndio unaua.

Wanaoshuka chini ya udongo wanajua gesi. Kisha kupasua jiwe na baruti, hakuna mtu anaingia mbele hewa haijasafishwa. Ndani ya moshi ule muko monoksidi ya kaboni: haina harufu, haina rangi, inashika damu na kuzuia hewa nzuri kufika ku kichwa na ku moyo. Ni gesi ile ile inatoka ku moteri ya esansi. Ile unaogopa chini, juu unaibeba pamoja na watoto wako.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutaka kutapika, usingizi: mutu anafikiri ni uchovu wa kazi ya usiku. Lakini kama wote ndani ya motokari wanasikia vile, na wakishuka wanapata nafuu, muangalie tuyo.

Kutengeneza kwa makuta kidogo si haya. Acha motokari ipoe kabisa. Ukiinua na kriki, weka tena vigogo imara chini, juu kriki peke yake inaweza kuteleza. Penye masizi meusi, tundu liko pale. Ondoa kutu kwa brosi ya waya. Kata kopo la maziwa, toa mifuniko, pakaa mastiki ya tuyo za moshi, zungusha bati lile lipite tundu pande zote, kaza na koliye mbili. Kisha washa moteri, lakini inje, si ndani ya garaji, na usikilize: ikipiga filimbi bado, rudilia.

Dawa hii ni ya tundu ndogo tu. Karibu na moteri haishike, juu moto ni mukali. Na kama chuma kinavunjika ukikigusa, tuyo imeoza: kopo haisaidie, ni kukata na kusudere kipande kipya. Kusudere karibu na tanki ya esansi, muachie fundi.

Tena jambo moja. Wengi wanatembea mulango wa nyuma wazi juu ya kubeba makala. Motokari ikikimbia, moshi unavutwa ndani, hata kama tuyo ni nzima. Na wakati wa mvua, musilale ndani moteri ikiwaka.

Wenye kubeba wafanyakazi kwa malipo, tunawaambia wazi: nauli inalipa pia hewa ya abiria. Na abiria akisikia moshi ndani, aseme, ao ashuke. Chini ya udongo, hewa ni deni la kampuni. Ndani ya motokari yako, ni deni lako.