Msamiati Nje ya Matini: Funzo la Mwanafunzi wa Kiingereza Nchini Uchina

Vitabu vya msamiati wa Kiingereza vinavyotumiwa na wanafunzi wa shule za upili nchini Uchina aghalabu hupangwa kwa utaratibu wa alfabeti. Neno lililopata umaarufu kwa kuzifungua orodha hizo ni "abandon", lenye maana ya kutelekeza. Wanafunzi wenyewe wamelifanyia mzaha: mtu hununua kitabu kwa ari kubwa, akalihifadhi neno la kwanza barabara, kisha akatii maana yake papo hapo kwa kukitelekeza kitabu chenyewe. Mzaha huo unachekesha, ila ndani yake mna swali zito la ufundishaji wa lugha, swali ambalo sisi tulio katika taaluma ya Kiswahili hatuwezi kulipa kisogo. Je, maneno yajifunzwe yakiwa yamepangwa foleni, au yajifunzwe yakiwa kazini katika matini?

Wengi wanaomshutumu mwanafunzi Mchina humlaumu kwa kukariri. Kwa maoni yangu shutuma hiyo imekosa shabaha. Kukariri peke yake hakujamharibia mtu lugha. Hapa kwetu pwani wapo watu waliohifadhi tenzi ndefu kwa moyo, na Kiswahili chao kikanawiri. Kinachomwangusha mwanafunzi huyu ni kuvitenga vitu vitatu vilivyozaliwa tumbo moja. Msamiati una daftari lake, sarufi ina daftari lake, na usomaji umebaki kuwa uwanja wa kusakia alama. Hoja ya makala haya ni kwamba usomaji ndio mama wa hao wawili, na kwamba zoezi lolote la msamiati au sarufi lisilorudi katika matini ni jasho linalomwagika mchangani.

Yafaa kwanza tuelewe uzito wa mzigo alio nao kijana huyu. Mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu, uitwao gaokao, ulirejeshwa mwaka wa 1977 baada ya kusimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni. Tangu 2003 umekuwa ukifanywa mwezi wa Juni, isipokuwa mwaka wa 2020 ulipoahirishwa hadi Julai kwa sababu ya korona. Katika mikoa mingi jumla ya alama ni 750, na kati ya hizo lugha ya kigeni ina 150, sawasawa na Kichina na sawasawa na hisabati. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua lugha nyingine kama vile Kijapani au Kirusi, lakini walio wengi hufanya Kiingereza, somo ambalo tangu sera ya 2001 limekusudiwa kuanza katika darasa la tatu la shule ya msingi. Kwa mtoto wa mkulima aliye mbali na miji mikubwa, alama hizo 150 zaweza kuwa daraja la kumvusha au ukuta wa kumzuia.

Kutokana na uzito huo, Kiingereza kimekuwa mada ya mabishano makali nchini humo. Mwaka wa 2013 jiji la Beijing lilitoa rasimu iliyopendekeza alama zake zipunguzwe kutoka 150 hadi 100. Machi 2021 mjumbe mmoja wa Baraza la Ushauri wa Kisiasa alipendekeza somo hilo liondolewe katika orodha ya masomo makuu, akidai kwamba linamla mwanafunzi muda mwingi na kumfaa kidogo maishani. Wizara ya Elimu haikukubaliana naye. Hata hivyo, malalamiko ya kwamba miaka mingi ya masomo huzaa kile Wachina wakiitacho "Kiingereza bubu" hayakuanza jana. Mtu husoma miaka tisa au kumi, akayajua maelfu ya maneno, kisha akashindwa kuyatamka mbele ya mgeni. Muda unaliwa kweli. Swali la kuuliza ni hili: unaliwa na nini hasa?

Tutazame kwanza upande wa sarufi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa sababu ya nafsi wala wakati. Msemaji akitaka kueleza kwamba jambo lilitokea jana, hulitaja neno "jana", na kitenzi kikabaki kama kilivyo. Nomino nayo haibadiliki kwa wingi, wala hakuna vijineno vinavyolingana na "a" na "the" vya Kiingereza. Katika usemi, kiwakilishi "ta" humrejelea mwanamume na mwanamke pia. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, maana "yeye" na kiambishi "a-" hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu kosa la kumwita dada "he" hulisikia Beijing na Nairobi. Vilevile Kichina huunganisha "suiran" na "danshi" katika sentensi moja, nasi tukasema "ingawa... lakini". Matokeo ni kwamba Mchina na Mkenya wote wawili huandika "although... but", na mwalimu wa Kiingereza akawatilia wote wawili kalamu nyekundu.

Mambo mengine ni magumu zaidi kwa Mchina kuliko kwetu. Sisi husema "kitabu nilichonunua jana", nomino ikitangulia na maelezo yakifuata, na Kiingereza hufuata mpangilio huohuo. Kichina hutanguliza maelezo yote, kwa mfano wa "nilionunua-jana kitabu". Kwa hiyo mwanafunzi Mchina anapokutana na sentensi ndefu ya Kiingereza, nomino humjia kabla hajaitarajia, halafu mkia mrefu wa maelezo ukafuata nyuma yake. Kanuni hii huweza kuandikwa ubaoni kwa mstari mmoja. Hata hivyo, kuijua kanuni ni jambo moja, na kuzoea kusoma sentensi kwa mpangilio huo bila kurudi nyuma ni jambo jingine. Mazoea hayo hayapatikani katika sentensi kumi za kujaza nafasi. Hupatikana kwa kukutana na sentensi za aina hiyo mara mia katika habari ambazo msomaji anataka kujua mwisho wake.

Tuje kwenye msamiati. Orodha humpa mwanafunzi neno la Kiingereza upande wa kushoto na neno la Kichina upande wa kulia, kana kwamba maneno ya dunia yote yaliozeshwa mume mmoja mke mmoja. Kitenzi cha Kichina "da" maana yake ya msingi ni kupiga. Lakini Mchina "hupiga" simu, "da dianhua", kama sisi tunavyopiga simu. Akiandika kwa mashine, "da zi", amefanya kile ambacho sisi twakiita kupiga chapa. Akicheza mpira wa kikapu, bado anatumia "da". Sasa mwambie kwamba "da" ni "hit" na umwache hapo. Ataipiga simu ya Kiingereza kwa ngumi! Mchina anayejifunza Kiswahili naye akiambiwa kwamba "piga" ni "da", atashangaa akikutana na piga pasi, piga picha, piga hodi na piga magoti. Hapana orodha itakayommalizia kazi hiyo. Neno halina maana moja iliyofungiwa ndani yake. Hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, kama mtu anavyojulikana kwa rafiki zake.

Watunzi wa mtihani wenyewe wamelitambua jambo hili. Katika karatasi mpya ya kitaifa, alama 150 zimegawanywa hivi: kusikiliza 30, kusoma na kufahamu 50, matumizi ya lugha 30, na kuandika 40. Sehemu ya matumizi ya lugha haina tena sentensi za sarufi zilizosimama pekee. Ina matini mbili: moja imeachwa nafasi 15 za kuchagua maneno yafaayo, na nyingine nafasi 10 ambamo mtahiniwa hutia maumbo sahihi ya maneno. Katika kuandika, alama 25 ni za zoezi lililoanzia mkoa wa Zhejiang mwaka wa 2016. Mtahiniwa husoma kisa kisicho na mwisho, akapewa sentensi za mwanzo za aya mbili, kisha akakiendeleza kwa takriban maneno 150. Hawezi kuandika bila kusoma, wala hawezi kusoma kwa juujuu akapata la kuandika. Pia yapo maneno yanayojulikana yanayorudi na sura ngeni: aliyekariri kwamba "address" ni anwani hukwama anapolikuta likimaanisha kulishughulikia tatizo.

Basi mtihani umehamia katika matini, ilhali mwanafunzi amebaki na orodha yake inayoanza na "abandon". Hapa ndipo muda unapoliwa. Asubuhi, kabla ya vipindi, darasa zima husimama na vitabu mikononi na kusoma kwa sauti. Desturi hiyo ya kusoma alfajiri ni hazina kubwa, maana humpa mwanafunzi nafasi ya kuusikia ulimi wake mwenyewe. Lakini kinachosomwa mara nyingi ni maneno yaliyopangwa safu, herufi moja moja. Laiti sauti ile ingetumiwa kusoma aya zenye uhai, faida yake ingekuwa maradufu.

Nipendekeze njia. Kila mwanafunzi wa gaokao ana lundo la karatasi za mitihani iliyopita. Humo mna habari za sayansi, wasifu wa watu, safari na mazingira. Desturi ni kuisoma habari mara moja, kujibu A, B, C au D, kuhesabu alama na kuitupa. Ni kama kununua nazi, ukanywa maji yake, ukatupa nyama! Habari hiyo moja yafaa isomwe mara nne. Mara ya kwanza, bila kamusi, ili kupata kiini. Mara ya pili, kwa kalamu, akiyapigia mstari maneno mageni pamoja na jirani zake, ili aandike daftarini fungu zima la maneno pamoja na sentensi iliyolibeba. Mara ya tatu, akivifuata vitenzi peke yake na kujiuliza kwa nini mwandishi ameacha wakati huu akashika ule. Mara ya nne, kwa sauti. Kisha afunge karatasi na kuisimulia habari kwa maneno yake. Habari mbili kwa wiki zikisomwa hivyo zitamfaa kuliko ishirini zilizokimbiwa.

Nafahamu kwamba yapo mapingamizi. Pingamizi la kwanza ni kwamba mtu hawezi kusoma asipokuwa na maneno. Hilo ni kweli, na silabasi ya sasa humtaka mwanafunzi wa upili afikie takriban maneno 3,000. Siitaki orodha ichomwe moto. Orodha ni ghala: huhifadhi kilichovunwa, na ghala halijapata kuwa shamba. Itumiwe kudurusu maneno ambayo mwanafunzi amekwisha kukutana nayo. Pingamizi la pili ni la mwalimu mwenye darasa kubwa, anayesema kwamba orodha hupimika kwa urahisi: maneno hamsini leo, mtihani kesho. Namhurumia, maana ni kweli. Lakini kirahisi kupimwa si lazima kiwe chenye thamani. Pingamizi la tatu ni la mtoto wa kijijini asiye na maktaba. Kwake njia hii ndiyo yenye haki zaidi, kwa kuwa haimdai kitabu kipya wala mwalimu wa kulipwa. Inamdai akisome hadi mwisho kile alicho nacho.

Huenda msomaji akauliza, "Haya yatuhusu nini sisi wana wa Kiswahili?" Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vijana haohao ndio wanaokuja kuwa wanafunzi wetu. Redio ya Beijing, iliyokuja kuitwa Redio ya Kimataifa ya Uchina, ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka wa 1961, na vyuo vya Beijing vimefundisha lugha yetu tangu miaka hiyo ya sitini. Mwanafunzi Mchina anapofika katika darasa la Kiswahili, huja na daftari lake la safu mbili kutoka shule ya upili. Mwalimu asiyezijua tabia zake za kujifunza atamjazia ngeli zote katika jedwali moja, na kijana atazikariri zote, kisha ashindwe kusema "viti vyangu viwili vimevunjika".

Pili, tujitazame kwenye kioo. Je, watahiniwa wetu wa KCSE hawakariri orodha za methali, tashbihi na "msamiati mgumu" ili kuipamba insha? Je, hatujasahihisha insha ambamo jua huchomoza kwa mbwembwe katika aya ya kwanza, na kuanzia aya ya pili lugha ikaanza kuchechemea? Ufahamu nao katika shule nyingi ni kifungu cha kujibia maswali, kisha ukurasa ukafunuliwa. Tukimcheka Mchina na "abandon" yake, tutakuwa nyani asiyeona kundule.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi wa Uchina amekijaza kibaba chake kwa bidii ambayo wengi wetu hatuna. Lakini nafaka isiyopikwa haimshibishi mtu, hata ikijaa pomoni. Moto wa kuipikia ni usomaji. Wahadhiri wanaowaandaa walimu wa kesho, iwe watafundisha Machakos au Beijing, na wawadai wanafunzi wao jambo moja kabla ya kuidhinisha andalio lolote la somo la msamiati au sarufi: waonyeshe matini ambamo somo hilo limetoka, na matini ambamo litarudi.