Mbwa huyu ni wa nani?



Mwezi uliopita mama mmoja aliingia katika dispansere akimshika mtoto wake mkono, kijana wa miaka saba. Alimleta ju ya kikohozi. Nilipomwambia mtoto apande juu ya kitanda, niliona nyuma ya mguu wake, chini ya goti, alama nne za meno zilizokwisha kuanza kukauka. Nikauliza: "Mama, hii ni nini?" Mama akatazama chini. Mtoto ndiye aliyejibu: "Ni mbwa wa mama mzee." Tangu lini? Tangu siku tisa.

Siku tisa! Na kutoka nyumba yao mpaka dispansere si mwendo wa dakika kumi. Mama huyu si mvivu wala mjinga. Watoto wake wote wamepata chanjo zao na karatasi anazitunza vizuri. Basi kwa nini alinyamaza?

Nyuma ya safu ya nyumba zao, karibu na robine, alikuwako mbwa jike asiye na mwenyewe, pamoja na vitoto vyake. Mama mjane mmoja alikuwa akimtupia mabaki ya bukari na vichwa vya tomson kila jioni. Majirani wengine hawakupenda. Walisema mbwa analeta uchafu na viroboto, anapasua pubele, anawatisha watoto wanaochota maji. Wengine walimtetea mama mzee: bwana zao wanafanya kazi ya usiku, na mbwa huyu akisikia mgeni anapita nyuma ya lupango, analia. Walikwisha kugombana mara nyingi, mpaka mbele ya shefu wa kambi. Watu wa nyumba mbili hawakusalimiana tena.

Mama wa mtoto ni rafiki wa yule mjane, ndiye anayemwachia watoto akienda sokoni. Akaniambia: "Muganga, nilijua ukiandika, shefu atasikia, na wale watashinda. Watamtukana mama mzee mbele ya watu." Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akamkataza mtoto kusema. Lakini watoto wanasema. Kisha siku mbili mtu akatupa nyama yenye sumu ya panya karibu na robine. Mbwa akafa, na vitoto viwili pamoja naye, wakatupwa katika shimo la takataka. Nani alifanya hivyo? Safu yote inajua, na hakuna anayesema.

Hivi upande mmoja ulificha kidonda, upande wa pili ukaua mbwa. Mimi nilibaki na mtoto.

Sasa nieleze kwa nini nilikasirika na pande zote mbili. Wazimu wa mbwa, ndio ugonjwa ambao kwa Kifaransa waganga wanauita raji, unaingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, akiuma, akikwaruza, ao akilamba kidonda. Kisha unakaa kimya ndani ya mwili. Mara nyingi unakaa miezi miwili ao mitatu, pengine wiki moja tu, pengine mwaka mzima. Wakati huo mtu anakula, anacheza, anakwenda masomo, na kidonda kimekwisha kupona. Lakini siku alama za ugonjwa zinapoanza, kama kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuvurugika akili, hatuna tena dawa ya kumwokoa. Mtu anakufa. O.M.S. inakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu karibu 59 000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote, hata 99 kwa 100, waliupata kwa mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 40 kwa 100 ni watoto wasiofikia miaka 15. Si ajabu: ndio wanaocheza na vitoto vya mbwa, na mbwa mwenye vitoto hataki mchezo.

Tena ni ugonjwa unaozuilika. Tangu Julai 1885, wakati Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, tunajua kwamba chanjo ikitolewa kabla ya ugonjwa kuamka inaokoa. Jambo la kwanza linafanywa nyumbani: kuosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili. Tazameni saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyofikiri. Msitie pilipili, wala mafuta ya gari, wala majani. Kisha dispansere, siku ile ile. Wazee wengine wanaogopa sindano za tumboni walizozijua zamani. Hizo zimekwisha, siku hizi tunachoma mkononi, mara chache, kwa tarehe zilizopangwa, na haifai kuruka hata moja. Na yule aliyechelewa siku tisa aje vilevile. Asiseme "sasa bure."

Na mbwa? Kama mbwa anajulikana na anaonekana mzima, tunamfunga na kumtazama siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, tunajua kwamba siku alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa, na sindano zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Kwa hiyo aliyetupa ile nyama hakumlinda mtoto hata kidogo. Alitunyima jibu. Ilipasa tufanye kama mbwa alikuwa mgonjwa, tutafute chanjo mjini, tumchome mtoto mpaka mwisho. Sumu yenyewe ilikuwa karibu na robine, mahali watoto wa miaka miwili wanaokota kila kitu na kutia kinywani. Nikifikiri hilo usiku sipati usingizi.

Najua watu watasema: "Muganga, mbwa wote wauawe, mambo yamekwisha." Hapana. Ua mbwa wa kambi leo, na takataka zikibaki pale pale, kisha muda mfupi wengine watakuja kutoka kambi nyingine, hawajulikani, hawana chanjo. Kinachosimamisha wazimu wa mbwa ni chanjo ya mbwa wenyewe: pale ambapo angalau 70 kwa 100 ya mbwa wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia. Na ni nani atakayemshika mbwa asiye na mwenyewe ili achomwe sindano? Ni yule tu anayemlisha. Mbwa wa robine alimkimbia kila mtu isipokuwa mama mzee. Wale waliokuwa wakimfukuza mama mzee walikuwa wakimfukuza mtu mmoja tu aliyeweza kutusaidia.

Lakini naye mama mzee simwachi hivi hivi. Aliponijibu "Mwanangu, yule mbwa si wangu, namhurumia tu," nilimwambia kwa heshima: Mama, anayemlisha mnyama kila jioni ndiye mwenyewe. Huruma inayotupa chakula njiani na kurudi ndani kufunga mlango inawaachia majirani kazi. Kama unampenda, umlishe ndani ya lupango lako na si kwa robine, umfunge kamba saa watoto wanapokwenda masomo, na umlete siku ya chanjo. Kama nguvu hazitoshi, sema mapema, kabla hajazaa. Na ninyi majirani, fungeni pubele zenu na mfukie mifupa. Mbwa yule hakunenepa kwa bukari ya mjane peke yake!

Mtoto amemaliza sindano zake, hana neno, na kikohozi kimepona. Kitoto kimoja cha mbwa kilibaki hai. Kimeandikwa kwa jina la mama mzee, na kamba ninaiona shingoni ninapopita. Majirani wa nyumba ile ya pili hawajamsalimia bado.

Nimezungumza na shefu wa kambi, naye amekubali jambo moja ambalo naomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Mtu akiumwa na mbwa, aje kwangu kwanza. Sitamwuliza mbwa ni wa nani mbele ya watu, na daftari la dispansere halitapelekwa ofisini kuamua ugomvi. Nitauliza mbwa yuko wapi, ili tumtazame siku kumi. Saa za usiku, mgongeeni mlinzi, anajua nyumba yangu.