Jina la mtoto wako linasema nini?

Wiki hii tuzungumze juu ya majina ya watoto wetu.

Mwaka mmoja tulikuwa na mwanafunzi aliyekataa kuitika jina lake. Aliitwa Mateso, na wenzake walikuwa wakimcheka. Tulimwita mama yake masomoni. Akatuambia: "Mwalimu, nilimzaa tukiwa tunakimbia vita. Niliyeteseka ni mimi, mtoto hakukosa kitu." Mtoto alikuwa hajawahi kuelezwa. Alisikiliza, akalia, na kesho yake akaitika.

Kila jina lina chanzo. Huko Uingereza majina mengi ya ukoo yalitokana na kazi, mahali au jina la baba. Smith ni mhunzi, Hill ni kilima, Johnson ni mwana wa John. Jina hilo hupita toka baba hadi watoto wote, hata kama mjukuu hajawahi kushika nyundo.

Kwetu Goma ni tofauti: kila mtoto anaweza kuwa na jina lake. Kwa Wanande, jina linaonyesha nafasi ya kuzaliwa. Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kwa wasichana, Masika ni wa kwanza, Kavira wa pili, Kavugho wa tatu. Kahindo ni msichana aliyekuja baada ya wavulana. Katika Kinyarwanda, Habimana ni kusema Mungu yupo. Na majina ya Kiswahili tunayajua sote: Furaha, Bahati, Neema, na Safari, aliyezaliwa wazazi wakiwa njiani.

Na postnom je? Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Watu wengi waliongeza jina la mababu mahali pa lile la ubatizo. Baadaye prénom zilirudi, lakini postnom ilibaki. Ndiyo maana leo tunajaza vitu vitatu: nom, postnom na prénom.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Kambale na Kavira ni wa tumbo moja, lakini mgeni akisoma karatasi zao haoni undugu. Na tunapoandika liste ya mtihani wa mwisho wa primaire, tunakuta mtoto ni Kavugho kwenye acte de naissance na Kavuo kwenye bulletin. Kwa macho ya ofisi, hao ni watu wawili. Familia zilizokimbia na kupoteza karatasi ndizo zinaumia zaidi.

Basi mama, tufanye hivi. Kwanza, tumwandikishe mtoto kwenye état civil ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Sheria inasema ni bure. Pili, tuandike jina kwenye karatasi kabla ya kwenda, herufi kwa herufi, tumpe mwandishi aliige. Asiyejua kuandika aombe mtoto mkubwa au mwalimu, hakuna haya. Tatu, kabla ya kutoka ofisini tusome tena, na masomoni tutumie herufi zilezile.

Tena, kabla ya kutoa jina, tufikiri. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inakataza jina la kumdharau mtu. Uchungu wa mama unapita, lakini jina litaitwa darasani kila asubuhi. Na kama jina gumu limeshatolewa, tusimwache mtoto abaki nalo bila maelezo.

Leo jioni, mkiwa mnangoja chakula kiive, mwambie kila mtoto jina lake lilitoka wapi na nani alimpa. Atakapoitwa kesho, ataitika kwa sauti.

Tuonane wiki ijayo.