Ukiona vyaelea vimeundwa: Mastaa, hiyo "nimefunga mwenyewe" yenu itaua mtu

Wadau wangu wa nguvu, leo umbea wa nani kaachana na nani tunauweka pembeni kidogo. Leo tuongelee ndinga.

Kama uko Instagram au TikTok, hizi video umeshaziona. Staa anatoka ndani na kaptula yake na raba nyeupe. Nje kuna gari la juu, Prado au Land Cruiser, limepaki kwenye pevingi. Muziki unapigwa. Ghafla ameshika drili. Ghafla ameshika bisibisi. Ghafla taa ndefu ya LED inawaka juu ya kioo kama Uwanja wa Mkapa siku ya dabi. Chini kaandika: "Nimefunga mwenyewe home, mnasemaje?" Laiki zinamiminika kama mvua ya masika.

Majina sitaji. Wenyewe wanajijua na nyie mnawajua.

Mimi nasema hivi: ile sehemu mnayoikata kwenye video ndiyo inayomfanya mtu abaki salama. Mnatuonyesha mwanzo na mwisho, katikati mnaficha. Halafu dogo wa mtaani anaiga mwanzo na mwisho, na katikati anajaza kwa kubahatisha.

Naomba nieleweke mapema kabla hamjanishukia. Sipingi mtu kufunga vitu vyake nyumbani. Kuna gereji bei zao zinatisha, na kuna nyingine ukiacha gari siku mbili unarudishiwa lina betri ambayo siyo yako. Mtu mwenye spana zake, muda wake na utulivu anaweza kufunga keria, taa, redio, hata kamera ya nyuma, na ikatoka safi kuliko ya gereji. Tatizo langu siyo nyumbani. Tatizo langu ni UONGO.

Tuanze na hizo taa maana ndizo zinazopendwa. Chukua taa ndefu ya wati 120. Betri ya gari ni volti 12. Gawanya, unapata ampea 10. Hii ni Fizikia ya sekondari, haihitaji chuo. Ukifunga mbili ni ampea 20. Sasa ampea 20 ukizipitisha kwenye kale kawaya kembamba ka spika, kanapata moto. Plastiki ya juu inayeyuka, shaba inagusa bodi ya gari, na hapo betri inamwaga umeme wote ilionao, mamia ya ampea kwa mpigo. Hapo hatuongelei tena taa, tunaongelea Zimamoto 114.

Dawa yake ni kitu kidogo kinachoitwa fyuzi, bei yake haifiki hata ya chipsi mayai. Kinakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ili waya ukigusa mahali fyuzi ikatike kabla waya haujawaka. Halafu kuna rilei, ambayo inabeba ule umeme mkubwa yenyewe, na swichi yako ya ndani inabaki na umeme kidogo tu wa kuiamrisha. Na kabla ya yote unafungua kwanza kichwa cha hasi cha betri, na ukimaliza hicho hicho unakirudisha mwisho. Kwa nini? Kwa sababu spana ikiwa kwenye chanya halafu ikagusa bodi wakati hasi bado imefungwa, utaona cheche ambazo hujawahi kuziona hata mkesha wa mwaka mpya.

Sasa niambieni, kwenye video gani ya staa mmeona fyuzi? Mimi nimeangalia nyingi mpaka bando limekata. Fyuzi SIJAIONA. Nimeona miwani, nimeona cheni, nimeona mpaka chupa ya kinywaji juu ya boneti.

Na huku chini mambo yanatokea kweli. Mtaani kwetu kuna dogo ana Escudo ya zamani aliyoachiwa na baba yake, ndiyo anabebea mizigo ya wateja, ndiyo inalisha nyumba. Akaona video, akanunua taa, akaunga moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa spika na soloteipu. Siku ya tatu moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi yuko kwenye foleni. Bahati yake bodaboda mmoja alikuwa na spana, wakang'oa kichwa cha betri. Gari likakaa wiki mbili bila kazi, na nyumba ikakaa wiki mbili bila kipato. Yule staa aliyemuiga hajui hata kama huyu dogo yupo duniani.

Halafu wengine mkishafunga mnaziwasha barabarani. Jamani! Zile taa ni za porini, kwenye giza nene, peke yako. Usiku njia ya Chalinze ukipigwa na ile LED usoni unakuwa kipofu kwa sekunde kadhaa, na mbele yako kuna lori halina hata rifleketa. Unajua gari inatembea umbali gani kwa sekunde mbili ukiwa spidi 80? Zaidi ya mita 40. Mita 40 umefumba macho kwa sababu mtu anataka kupendeza.

Twende kwa dada yetu mmoja wa bongo movi. Yeye kafunga keria na tenti juu ya kigari kidogo, akasema sasa ni "mtoto wa safari". Nampenda, ana moyo. Lakini hakusema hata neno moja kuhusu UZITO. Kila gari ina kiwango cha mzigo wa juu ya paa, kimeandikwa kwenye kitabu chake. Vigari vingi vidogo vya aina hii kiwango hicho kiko chini ya kilo 100 gari likiwa linatembea, na keria yenyewe inahesabiwa humo humo. Tenti nyingi za juu ya gari ni kilo 50 mpaka 70. Weka keria ya chuma, weka tenti, weka na madumu ya maji. Umeshapita, na bado hujapakia hata sufuria. Gari iliyobebeshwa kichwani ikikata kona kwa haraka inataka kulala. Mama akibeba ndoo kichwani anatembea kwa mahesabu. Wewe umeibebesha gari ndoo halafu unakimbia nayo.

Na yule kaka mwingine, zamani alikuwa anakipiga ligi kuu, kalala chini ya gari anakaza nati, gari limenyanyuliwa na JEKI TUPU. Hakuna stendi, hakuna hata gogo. Watu kwenye maoni: "Mwanaume kweli." Mwanaume gani? Jeki ni ya kunyanyulia, siyo ya kulalia chini yake. Ikiteleza au mpira wake wa ndani ukivuja, tani mbili zinashuka kifuani kwako, na hakuna hospitali inayoshona hiyo. Stendi mbili, kizuizi kwenye matairi, gari kwenye sakafu ngumu na bapa. Ukikosa hivyo, usiingie chini. Basi.

Tumalizie na ngao, yaani yale mabomba ya chuma ya mbele. Hapa mtanichukia zaidi. Ngao ina kazi yake. Mtu anayepita Mikumi usiku, barabara inakatiza hifadhini na wanyama wanavuka, namuelewa. Askari wa wanyamapori namuelewa. Lakini wewe safari yako ndefu ni Masaki kwenda Mbezi Beach, unamkinga nyati yupi? Sehemu ya mbele ya gari za kisasa imetengenezwa ijikunje ili imeze kishindo kisikufikie wewe. Na huko huko mbele mara nyingi kuna vihisi vinavyoamua mifuko ya hewa ifumuke lini. Ukichomelea bomba nene ambalo halikupimwa kwa gari hiyo, unaweza kuvuruga vyote viwili. Na mtoto anayevuka zebra kwa mguu, bomba linamkuta usawa wa kichwa au kifua. Ulaya hili waliliona mapema, mwaka 2005 wakaweka masharti ya hizi ngao kwa ajili ya watembea kwa miguu. Sisi bado tunaziwekea emoji za moto.

Sasa nakuja kwenye kinachoniuma kuliko vyote. Kwenye video moja, ukiisimamisha vizuri pale taa inapokazwa, utaona MKONO. Mkono mweusi wa oili, kucha zimekatika, haufanani kabisa na ule mkono wenye saa ya dhahabu. Ni mkono wa fundi! Kaitwa nyumbani kwa staa, kafunga kila kitu, fyuzi kaweka, rilei kaweka, halafu kaambiwa "sogea kidogo usionekane". Video ikatoka, sifa kachukua mwenye gari.

Kwa hiyo gari la staa liko salama kwa sababu ya mtu aliyekatwa kwenye video. Lako wewe uliyeiga halina huyo mtu. Ndiyo maana wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na fundi huyo angepata nini kama angetajwa tu jina? Wateja. Nchi hii ina mafundi wa hatari. Nenda Arusha, wapo wanaokata Land Cruiser, wanairefusha, wanaweka siti za watalii na paa la kunyanyuka, na hizo gari zinakwenda Serengeti na kurudi na wazungu wanapiga picha. Nenda Gerezani pale Kariakoo uone watu wanavyokunja chuma. Hawana wafuasi milioni. Neno moja la staa lingempa fundi kazi ya mwaka mzima. Neno moja tu, na mnambania!

Najua mtakachosema. "Bloga una wivu, huna gari." Kweli, napanda daladala, na daladala nazo zinapigwa hizo hizo LED usoni. "Ni burudani tu, usikuze mambo." Burudani ni wimbo. Ukimwonyesha mtu umeme, chuma na jeki, halafu ukamwambia hata yeye anaweza, umeshakuwa mwalimu upende usipende. Mwalimu anayeruka somo anafelisha darasa zima. "Kwani tumewalazimisha kuiga?" Hamjalazimisha, ila mkitangaza sabuni mnalipwa kwa sababu watu wanawaiga. Kwenye pesa mnakubali mnaigwa, kwenye lawama mnakataa.

Ombi langu ni dogo. Mkiposti video nyingine ya gari, wekeni sekunde kumi za kuonyesha fyuzi, stendi, na kile kiwango cha uzito kwenye kitabu cha gari. Kama aliyefunga ni fundi, mtajeni na mumlipe vizuri. Kama umefunga mwenyewe kweli, tuonyeshe hatua zote, mimi wa kwanza nitakupigia saluti hapa hapa.

Na wewe mdau unayetaka kufunga vyako wikiendi hii nyumbani: anza na kitabu cha gari kabla ya YouTube. Fungua hasi kwanza. Waya nene, fyuzi karibu na betri. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na uwe haujaisha muda. Ukimaliza tembea kilomita chache, simama, kaza tena nati zote. Ukifika mahali hujui, ita fundi, siyo aibu. Aibu ni moshi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani kashawahi kupigwa full ya LED njiani, na fundi gani wa mtaani kwenu anastahili sifa ila hapewi? Dondosha hapo chini, ila matusi kwa mastaa naomba muache, hapa tunasemana kwa hoja.