Dada, hiyo sabuni kaipika nani?

Wiki hii tunaingia bafuni. Usione haya, tunaangalia kipande cha sabuni tu na kile kichupa cha mafuta kilicho pembeni yake. Nanyi kina kaka msikimbilie ukurasa wa michezo, maana ngozi haichagui mke wala mume.

Sabuni za kutengeneza kwa mkono zimekuwa nyingi sokoni: ya mwani, ya mwarobaini, ya alovera, ya manjano, ya karafuu. Swali linalowasumbua wengi ni hili: niache ile ya kiwandani niliyoizoea, nimfuate mama wa mtaani anayepika kwenye ndoo? Kuna wanaosema huo ni ushamba. Wengine wanasema eti ni mambo ya kizungu ya watalii. Mie nasema wote wametuonea!

Bibi zetu wa pwani hawakungoja kiwanda. Bi harusi wa Unguja alisingwa kwa singo ya maua na viungo mpaka akanukia chumba kizima. Liwa ilisagwa juu ya jiwe, ikachanganywa na marashi, ikapakwa usoni. Dodoki lilichumwa uani. Kule Kigoma mafuta ya mawese yamepikwa chakula na yamepikwa sabuni. Kwa hiyo mambo haya ni yetu, tuliyaweka kando tu.

Sasa tofauti iko wapi? Sabuni yoyote ya kweli ni mafuta, maji na kostiki soda. Vikikutana vinageuka kuwa sabuni, na ndani yake inazaliwa gliserini. Hiyo gliserini ndiyo inayovuta unyevu ngozi isipauke. Viwanda vingi huitoa na kuiuza kando, ikaingie kwenye losheni na dawa. Matokeo yake unaoga, unatoka umepauka kama umebingirika kwenye majivu, halafu unakwenda dukani kununua losheni yenye gliserini ile ile. Hapo, shoga yangu, umelipa mara mbili. Sabuni ya mkono gliserini yake inabaki humo humo.

Nisieleweke kwamba kiwanda ni adui. Kiwanda kinapima, sabuni ya leo ni sawa na ya jana, na bei yake mwenye familia kubwa anaimudu. Ila usidanganywe na maneno makubwa kwenye karatasi. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya kuua vijidudu kwenye sabuni za kunawia za nyumbani, triklosani ikiwemo, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kutumia kila siku na kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Umeona? Sabuni ya kawaida inatosha.

Halafu tuangalie mfuko. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kule Paje na Jambiani. Wanaoingia majini wengi wao ni wanawake, maji kiunoni, jua utosini. Mwani unakaushwa, unauzwa kwa bei ndogo na kusafirishwa ng'ambo. Huko unatolewa ute wa kufanya dawa ya meno na losheni ziwe nzito, kisha unaturudia ndani ya tyubu kwa bei ya dukani. Lakini akina mama hao wakiusaga unga na kuuchanganya na mafuta ya nazi na karafuu wakapika sabuni, ule ule mwani unawalipa zaidi, na pesa inabaki kijijini. Ukinunua kipande kile umenunua na daftari la mtoto wa mtu.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kitu kutengenezwa kwa mkono si hati ya usalama. Hivi mkorogo nao si unakorogwa kwa mkono? Unakorogwa saluni, kwenye kopo lisilo na jina, na muuzaji anakwambia ni mitishamba mitupu. Ndani yake kunaweza kuwa na haidrokwinoni, dawa kali za steroidi, au zebaki inayoharibu figo na kumfikia hata mtoto aliye tumboni. Ukiambiwa utang'aa ndani ya siku tatu, beba mkoba wako uondoke. Hakuna jani la uani linalofanya kazi hiyo kwa siku tatu.

Basi kabla hujafungua pochi, muulize muuzaji haya:

1. Umeweka nini humu? Anayepika mwenyewe atakutajia kimoja kimoja bila kugugumia. Anayesema ni siri ya familia, abaki na siri yake.

2. Uliipika lini? Sabuni isiyopikwa motoni hukaa wiki 4 mpaka 6 ikikomaa. Ya juzi bado ni kali, itakuchoma.

3. Kostiki unaipima na nini? Jibu ni mizani. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 180 hivi na kidogo. Ikizidi, ngozi italia. Anayekadiria kwa kikombe mpite.

4. Ina maji au ni mafuta matupu? Losheni yenye maji au alovera mbichi bila kihifadhi inaoza upesi, hata kama inanukia. Mafuta matupu yanakaa zaidi.

5. Imesajiliwa? Kwa Tanzania Bara, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Mjasiriamali mdogo ambaye bado hajafika huko, SIDO wana mafunzo. Mhimize aende, usimcheke.

Ukishanunua, paka kidogo ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima. Ikiwasha, acha. Na tafadhali, habari ya kujipaka ndimu usoni kisha unatoka juani, achana nayo. Inaunguza na kuacha madoa meusi.

Ukitaka kuanzia nyumbani, anza na mafuta ya nazi, siyo sabuni. Kostiki si mchezo wa jikoni penye watoto. Kuna nazi nne zilizokomaa, kamua tui zito, liache usiku kucha, asubuhi engua krimu ya juu. Ichemshe kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka mafuta yajitenge na makapi yawe ya kahawia. Chuja, weka kwenye chupa kavu kabisa. Ndugu zangu wa Njombe na Arusha, yakiganda asubuhi ya mwezi wa saba msidhani mmeibiwa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Kwa ufupi, wala huhitaji kuhama moja kwa moja. Ya kiwandani ibaki kwenye beseni la mikono, ya mkono iwe ya kuogea, mradi unamjua aliyeipika na yeye anajua alichoweka. Gari bovu utauza ununue jingine. Ngozi, mwenzangu, umepewa moja tu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.