Kaka Nahodha, Mdogo Mfungaji

Msomaji wangu, kuna swali nalisikia sana siku hizi hapa Mikocheni, tena kwa watu wenye kazi nzuri na ndoa changa: mwenzako akikupita kazini, mnaishije nyumba moja?

Jibu nimelikuta kwa majirani zetu wa Kenya, kwenye raga. Najua, sisi wa Dar ni Simba na Yanga, raga ikitokea kwenye televisheni tunabadilisha chaneli. Lakini nisikilize kidogo.

Humphrey Kayange na Collins Injera ni ndugu. Kayange ndiye mkubwa, kazaliwa 1982, Injera 1986. Wote walichezea klabu ya Mwamba ya Nairobi na timu ya taifa ya wachezaji saba. Mwaka 2009 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai, nahodha alikuwa Kayange. Msimu huohuo, mdogo mtu akaongoza kwa ufungaji katika mfululizo wa mashindano ya dunia: trai 42!

Kaka naye alikuwa na kazi nyingine. Oktoba 2009 alikwenda Copenhagen, katika ujumbe wa kuiomba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iukubali mchezo wao. Ikaukubali. Rio 2016, ndugu wote wawili wakacheza Olimpiki. Medali hawakupata, lakini mlango aliosaidia kuufungua mmoja, walipita wawili.

Miezi michache kabla ya Rio, Kenya iliichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Mwezi uliofuata, London, Injera akavunja rekodi ya dunia ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. Mwaka uliofuata Mwingereza Dan Norton akampita na yeye. Ndiyo hivyo jamani, rekodi ni nyumba ya kupanga.

Sasa nina rafiki yangu mmoja hapa mtaani. Kapewa cheo, mshahara utazidi wa mumewe, na atakuwa anasafiri. Barua iko kwenye mkoba wiki ya pili, mume hajaiona. Anafikiria kukataa, eti kulinda ndoa.

Shosti, ndoa hailindwi kwa barua iliyofichwa. Mwonyeshe leo, kisha mpange namba kama timu: nani atamfuata mtoto shule, nani atalipa ada, ukiwa safarini nani anabaki nyumbani. Anayefunga na anayeongoza wote wanavaa jezi moja.

Na wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo kwa kuibia, akikuletea barua hiyo, usinune. Muulize tu anaanza lini. Huyu wa kwetu anatakiwa kujibu Ijumaa.